Nani Apewe Nafasi ya Kusema? Karne ya Kumi na Nane katika Sinema na Makumbusho

Miongoni mwa karne ambazo mwalimu wa historia hutakiwa kuzisomesha, karne ya kumi na nane ina taabu yake peke yake. Imetupita mbali hata hapana mzee aliye hai awezaye kuisimulia kwa aliyoyaona, nayo ilikwisha kabla kamera haijabuniwa, hata hapana picha moja iliyopigwa ndani yake. Ila haikutupita mbali kiasi cha kuachiwa wachimbaji wa magofu peke yao, kwa kuwa watu wake walituachia barua, daftari za hesabu, wasia na hati za mahakama tele. Kwa sababu hiyo kila sinema ituonyeshayo karne hiyo ni maigizo tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale inapojitia kuwa ni habari tupu, na kila kabati la kioo katika makumbusho limepangwa na mtu aliyechagua kipi kiwekwe mbele na kipi kibaki ghalani. Watazamaji aghalabu huuliza kama mavazi yamepatana, kama vifungo vya makoti ni vya wakati ule, na kama farasi wamefungwa hatamu kwa dasturi ya siku zile. Maswali hayo ni halali, lakini si ya kwanza. Swali la kwanza ni hili: nani amepewa nafasi ya kusema, na nani amewekwa nyuma ya msemaji akishika hatamu za farasi?

Mwanafunzi aketiye mbele ya sinema ya namna hii huwa katika cheo cha kadhi aliyeletewa shauri. Akisikia upande mmoja tu, hukumu yake, hata ikitokea kuwa ya haki, imeipata haki kwa bahati. Sinema mbili zilizopishana miaka saba, moja ya Marekani na moja ya Uingereza, zinatuonyesha njia mbili za kumkalisha kadhi huyo kitini. Na maonyesho yaliyowekwa baadaye mahali pale pale zilipopigwa yanatuonyesha jinsi watu walivyojifunza, pole pole na pengine kwa ugomvi, kuwaita mashahidi waliosahauliwa.

Mzalendo wa Virginia

Mji wa Williamsburg ulikuwa makao ya serikali ya Virginia tangu 1699 hadi 1780, serikali ilipohamia Richmond, na baada ya hapo ukadumaa. Mwaka 1926 kasisi W. A. R. Goodwin wa kanisa la Bruton alimshawishi tajiri John D. Rockefeller Mdogo atoe mali yake ili mji urudishiwe sura yake ya zamani. Kazi ilipoanza, mamia ya majengo ya siku za karibu yalibomolewa, majengo 88 ya asili yakatengenezwa, na yale yaliyokwisha kutoweka yakajengwa tena juu ya misingi yake iliyofukuliwa. Jumba la Gavana lilikuwa limeteketea kwa moto mwaka 1781; wajenzi walilisimamisha upya kwa msaada wa ramani ya vipimo iliyochorwa kwa mkono wa Thomas Jefferson, na kwa bamba la shaba lenye picha za majengo ya mji, lililogunduliwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford. Ithibati za namna hiyo ni za kuaminika, na mtu yeyote apitaye leo katika njia za Williamsburg anaona kuta, madirisha na bustani zilizopimwa kwa uangalifu mkubwa.

Mwaka 1957, Virginia ilipoadhimisha miaka 350 tangu Waingereza watie nanga Jamestown, palifunguliwa kituo cha kupokelea wageni wa mji huo, na ndani yake kumbi mbili za sinema zilizojengwa makusudi kwa ajili ya filamu moja tu. Filamu hiyo, *Williamsburg: The Story of a Patriot*, iliongozwa na George Seaton, muziki wake ulitungwa na Bernard Herrmann, yule yule aliyezitungia muziki sinema za Alfred Hitchcock, na mhusika wake mkuu aliigizwa na Jack Lord, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa mchezo wa televisheni wa *Hawaii Five-O*. Hikaya yake, ambayo haizidi sana nusu saa, inamfuata John Fry, mwenye shamba wa kubuniwa, ambaye anaingia katika Baraza la Virginia, anawasikiliza Patrick Henry na wenzake, na roho yake inavutwa huku na utiifu kwa Mfalme na huku na haki za nchi yake, mpaka mwaka 1776 unapofika na kumlazimisha kuchagua. Filamu hiyo imeonyeshwa hapo hapo kwa miongo mingi, kizazi baada ya kizazi, hata mwaka 2004 ikasafishwa na kurudishiwa rangi zake.

Haifai kuipuuza kazi hiyo, kwa maana kuna jambo moja inalolifundisha vizuri kuliko vitabu vingi vya shule, nalo ni shaka. Sisi tusomao historia tunajua mwisho wake, na kwa kujua mwisho tunawaona watu wa kale kana kwamba walikuwa wakifuata njia iliyokwisha kupigwa mstari. John Fry hajui mwisho. Analala usiku akiwa raia mtiifu na kuamka akihofu kuwa ataitwa haini, na mtazamaji kijana anapoiona hofu hiyo usoni mwake anafahamu kuwa uhuru wa Marekani haukuwa tunda lililoiva na kuanguka lenyewe.

Lakini yapata nusu ya watu wa Williamsburg wakati huo walikuwa Weusi, karibu wote watumwa, na katika shauri linalomkosesha John Fry usingizi hao hawana neno. Wanapita na sinia, wanaongoza farasi, wanafungua milango. Ilhali habari yao ilikuwa na uzito wa ajabu, maana mnamo Novemba 1775 Gavana Dunmore, mtu wa Mfalme, alitoa tangazo kwamba mtumwa yeyote wa waasi, mwenye nguvu za kushika silaha, atakayejiunga na jeshi lake atakuwa huru. Kwa mtwana aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana wake, basi, uhuru ulikuwa upande wa Mfalme, na wale waliokuwa wakilitaja neno hilo kwa sauti kubwa Barazani ndio waliokuwa wamemfunga. Sinema yenye kuweka hoja hizo mbili pamoja ingalikuwa ngumu zaidi kuitengeneza, na ingalimfundisha mwanafunzi mara mbili.

Upungufu huo haukuzibwa na filamu nyingine, bali na watu. Mwaka 1979 kikundi kidogo cha waigizaji Weusi kilianza kazi mjini hapo, wakizungumza na wageni kwa nafsi za watumwa na mafundi wa karne ile. Tarehe 10 Oktoba 1994 wakaenda mbele zaidi: waliigiza hadharani mnada wa mirathi ambamo, pamoja na mali nyingine za marehemu, waliuzwa watu wanne. Christy Coleman, aliyekuwa msimamizi wa idara hiyo, alikuwa yeye mwenyewe mmoja wa waliopandishwa mnadani. Umati wa watu yapata 2,000 ulikusanyika, na baadhi yao walikuja kupinga, wakihofu kuwa machungu ya wazee wao yatageuzwa kuwa tamasha la watalii. Hoja yao ilikuwa nzito, wala haikuondolewa na nia njema ya waigizaji. Hata hivyo dalali alipokuwa akitaja bei, na mume na mke wakatenganishwa mbele ya macho ya watu, kelele zilikoma, na baada ya mnada mmoja wa viongozi wa upinzani huo akakiri kuwa mawazo yake yamebadilika. Mnada huo haukufanywa kuwa onyesho la kila siku, na pengine ndivyo ilivyofaa. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kuwa shahidi aliyekuwa amesimamishwa nyuma ana ushahidi wake.

Kamera katika uwanja wa vita

Njia ya pili ilibuniwa na Peter Watkins, Mwingereza ambaye alikuwa hajatimiza miaka 30 filamu yake *Culloden* ilipoonyeshwa na BBC tarehe 15 Desemba 1964. Jambo lenyewe ni vita vilivyopiganwa karibu na Inverness, huko Uskoti, tarehe 16 Aprili 1746, kati ya jeshi la serikali chini ya mwana wa mfalme, Mtawala wa Cumberland, na jeshi la Charles Edward Stuart, aliyekuja kuudai ufalme kwa ajili ya baba yake. Wakuu hao wawili walikuwa hirimu moja, kila mmoja ana umri wa miaka 25. Vita vilikwisha kabla ya saa moja kutimia.

Watkins, aliyekitumia kitabu cha John Prebble kilichotoka 1961, alifanya jambo ambalo kwa kulisikia tu linaonekana kuwa mzaha: alivipiga picha vita hivyo kana kwamba kulikuwa na watangazaji wa televisheni uwanjani mwaka 1746. Kamera inabebwa mkononi na kutikisika. Askari wanaitazama na kuulizwa maswali. Msimulizi anatangaza kwa sauti kavu ya mtu asomaye taarifa. Waigizaji hawakuwa wa kazi hiyo, bali watu wa kawaida, na wengi wa wale walioigiza watu wa milimani walitoka Inverness kwenyewe, nao katika filamu wanasema lugha yao ya Kigaeli.

Tutazame mahali pamoja kwa karibu. Kabla risasi ya kwanza haijalia, kamera inapita mbele ya safu za watu wa milimani waliosimama katika mvua na upepo, wenye njaa na uchovu wa mwendo wa usiku, nayo inatua kwenye uso mmoja baada ya mwingine. Kwa kila uso msimulizi haelezi ushujaa. Anaeleza kodi ya ardhi. Huyu ni mkuu wa ukoo, na hao wote wanalima kwa idhini yake. Huyu amekodi ardhi kwa mkuu na kuikodisha kwa wengine. Yule ni mpangaji wa mpangaji, na yule wa mwisho hana ila kipande kidogo cha ardhi na kazi ya mikono yake, naye amekuja vitani kwa kuwa asipokuja paa la nyumba yake lingetiwa moto. Kisha mizinga inaanza. Msimulizi anaitaja aina ya risasi iliyotiwa, na mara kamera inatuonyesha inavyoufanya mwili wa mtu. Mwanafunzi aliyezoea kusoma kuwa wafuasi wa Stuart walipigana kwa mapenzi ya mfalme wao anaona ghafula kuwa chini ya mapenzi hayo palikuwa na daftari la madeni.

Udanganyifu ulio wazi kama huo una faida kubwa. Hapana mtoto wa shule asiyejua kuwa televisheni haikuwako mwaka 1746. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza anajua kuwa anachotazama kimetungwa, na kwa kujua hayo akili yake inabaki macho. Sinema iliyosafishwa vizuri, ambayo rangi zake zinapendeza na muziki wake unapanda pale moyo unapotakiwa kupanda, huuficha ufundi wake, na mtazamaji huondoka akidhani ameiona karne yenyewe. Ile inayomkumbusha kila mara kuwa ni kazi ya mikono ndiyo imwachayo huru kuuliza. Nayo *Culloden* haikosi upande: Watkins anawahurumia maskini na kuwahukumu wakuu wote wawili, wala hafichi. Hakimu anayetangaza mwelekeo wake tunaweza kumpinga. Anayejifanya hana mwelekeo hutuchukua bila ya sisi kujijua.

Uwanja wenyewe wa Culloden umetunzwa na shirika la hifadhi la Uskoti, National Trust for Scotland, na mwishoni mwa 2007 pakafunguliwa hapo kituo kipya cha wageni ambacho wapangaji wake walilifikiri sana suala hili la pande mbili. Mgeni anaanza kwa kupita katika njia ambayo ukuta wake mmoja unaeleza habari kwa macho ya serikali, na ukuta wa pili kwa macho ya wafuasi wa Stuart, tarehe zikienda sambamba, hata mtu analazimika kugeuza shingo kila hatua. Baadaye anaingizwa katika chumba kilichozungukwa na picha za sinema pande zote nne. Jeshi moja liko mbele yake na jingine liko mgongoni, na kwa dakika chache anasimama katikati ya vita pasipo mahali pa kujificha wala kiti cha kukalia. Katika makabati zimewekwa risasi za bunduki za gumegume zilizookotwa ardhini na wachimbuzi, na huko nje bendera nyekundu na za buluu zinaonyesha safu za majeshi zilipokuwa zimesimama.

Onyesho lililo bora kupita yote hapo halina umeme wala sauti. Katika ukuta wa nje wa kituo, mawe kadhaa yamejengwa yakatokeza mbele ya mengine, jiwe moja kwa kila aliyeuawa siku ile. Sehemu ya kwanza mawe yaliyotokeza ni machache: jeshi la serikali lilipoteza watu yapata 50. Mgeni anazidi kutembea, na mawe yanazidi, yanazidi, maana wafuasi wa Stuart waliokufa wanakadiriwa kuwa 1,500, na wengi kati yao waliuawa wakikimbia au wakiwa wamelala majeruhi. Mtu anaihesabu tofauti hiyo kwa miguu yake.

Kitu kimoja, wenyewe wengi

Makumbusho yana uwezo ambao sinema haina, nao ni kukuletea kitu chenyewe. Katika Makumbusho ya Mapinduzi ya Marekani yaliyofunguliwa Philadelphia tarehe 19 Aprili 2017, wageni huketi ukumbini na kutazama filamu fupi. Filamu ikiisha, pazia huinuka, na nyuma ya kioo inatokea hema ya vita aliyoitumia Jenerali George Washington, katika mwanga hafifu uliopimwa, kwa kuwa nguo iliyopita miaka mia mbili na zaidi huharibiwa na mwanga. Hapo sinema imekubali kuwa mtumishi wa kitu: inamwandaa mgeni, kisha inampisha.

Na hema hiyo, ukiifuata njia yake, inakuletea mashahidi usiowatazamia. Washington aliishi ndani yake pamoja na William Lee, mtumwa wake aliyekwenda naye katika vita vyote. Baadaye iliingia katika mirathi ya jamaa ya mkewe, mpaka kwa Mary Custis Lee, mke wa Jenerali Robert E. Lee, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka 1861 na bibi huyo akaikimbia nyumba yake ya Arlington, aliyeachiwa funguo za hazina za Washington alikuwa kijakazi wa nyumba hiyo, Selina Gray. Mwaka 1909 hema ikanunuliwa na kasisi W. Herbert Burk kwa binti wa Jenerali Lee. Mwalimu mwenye busara anaweza kusomesha somo zima kwa kufuata tu mikono iliyoikunja nguo hiyo.

Huko Williamsburg nako mbao zimesema. Tangu 1760 hadi 1774 palikuwa na shule ya watoto Weusi, walio huru na watumwa, iliyofadhiliwa na jumuiya ya wafuasi wa Thomas Bray kutoka London, na mwalimu wake alikuwa mwanamke mmoja, Ann Wager. Nyumba ya shule hiyo ilipotea kwa kuhamishwa na kuongezwa vyumba, mpaka mwaka 2020 wataalamu walipochunguza pete za miti katika mbao za nyumba moja ya chuo cha William & Mary na kuona kuwa miti hiyo ilikatwa mwaka 1759 na mwanzoni mwa 1760. Mnamo Februari 2023 nyumba nzima ikapakiwa juu ya gari na kupelekwa katika mtaa wa makumbusho. Shule hiyo iliwafundisha watoto kusoma, na pamoja na kusoma ikawafundisha kutii mabwana zao; wala onyesho la haki haliwezi kuchukua moja na kuliacha la pili.

Mwaka ule ule, Kilwa

Msomaji wa pwani yetu anayo sababu yake ya kuyafuatilia haya. Tarehe 14 Septemba 1776, miezi miwili baada ya Wamarekani kutangaza uhuru wao, Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa, apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, ambao soko lao lilikuwa katika mashamba ya visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion ya leo. Karne iliyomkosesha usingizi John Fry ilikuwa karne yetu pia, na vifaa vya kuisomeshea tunavyo. Ngome ya Yesu huko Mombasa, iliyotwaliwa na Waomani mwaka 1698, ikarudi kwa Wareno 1728 na kuwatoka kwa mara ya mwisho 1729, ni makumbusho tangu miaka ya 1960. Goa zimehifadhiwa barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne hiyo, na mmoja wa wenye barua hizo ni Mfalme Fatima.

Atakayetengeneza sinema ya mkataba wa Kilwa atakuwa na mashahidi wa upande mmoja kwa wingi. Morice ameacha maandiko yake, na Sultani ameacha muhuri wake. Wale 1,000 wa kila mwaka, waliotoka bara kwa miguu, hawakuacha karatasi. Hapo ndipo mtunzi hushawishika kufanya moja katika makosa mawili: ama awaache nyuma na sinia mikononi, ama awatungie hotuba za kupendeza ambazo hapana ajuaye kama zilisemwa. Waliojenga ukuta wa Culloden walionyesha njia ya tatu, kwamba asiyeandikiwa neno anaweza kupewa nafasi yake kwa hesabu, ilimradi hesabu hiyo iwekwe mahali ambapo hapana mtu atakayepita bila ya kuiona.

Kwa mwalimu asiye na ukumbi wa picha za pande nne wala hema ya jenerali, bali ana runinga moja na darasa la watoto arubaini, mambo haya yanatoka katika maneno machache. Kabla ya kuwasha, awagawe wanafunzi: hawa wamfuatilie anayesema sana, hawa wamfuatilie anayeonekana bila ya kusema, na hawa waandike kila kitu ambacho mtunzi hakuweza kukijua ila alikitunga. Filamu ikiisha, awape karatasi moja ya wakati ule, iwe barua, mkataba au orodha ya mnada, waitie kando ya walichokiona na kutafuta pale vinapogombana. Kwa utaratibu huo hata sinema yenye kasoro inafundisha, na pengine inafundisha zaidi, kwa kuwa kasoro yake inakuwa sehemu ya somo. Lakini sinema nzuri kabisa ikionyeshwa kisha taa zikawashwa na kengele ikapigwa, itawaacha watoto na kumbukumbu ya mavazi.